Mzinga usio na alama: kisa cha kusakinisha Joomla kwenye seva ya wafugaji nyuki, Tabora

## Kuhusu kisa hiki

Mambo haya yalitokea mkoani Tabora kati ya Aprili na Septemba 2024, nami ndiye fundi niliyepewa kazi. Jina la chama, majina ya watu, anwani ya tovuti na kampuni iliyotukodisha seva nimeviondoa, na mambo machache yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadili. Amri na ujumbe wa makosa nimeviacha vilevile, kwa sababu ndivyo vitakavyomfaa mwenye seva ya Linux mbele yake.

## Usuli

Chama kinaunganisha vikundi vya wafugaji nyuki kutoka Sikonge, Uyui na Urambo. Asali hurinwa kwenye misitu ya miombo, hukusanywa mjini Tabora, huchujwa, hupakiwa na kuuzwa. Wanunuzi wakubwa wako Dar es Salaam na nje ya nchi, na karibu kila mmoja huanza kwa kuuliza kama chama kina tovuti.

Walikuwa nayo zamani. Kijana mmoja aliwatengenezea, akasajili domeini, yaani jina la tovuti mtandaoni, kwa barua pepe yake na ada ya mwaka akawa anailipa kwa simu yake mwenyewe. Hakuwa na nia mbaya. Alipata kazi mkoa mwingine, akabadili namba, na domeini ikaisha muda bila mtu wa chama kupata taarifa. Walipokuja kushtuka, jina lilikuwa limeshachukuliwa na mtu asiyejulikana, na kila lebo ya chupa ya asali iliyokuwa dukani ilibeba anwani isiyo yao tena.

Mwenyekiti alinisimulia haya tukiwa tumekaa chini ya mwembe nje ya ofisi. Akaongeza jambo ambalo wakati ule nililiona la pembeni: "Mwanangu, mzinga kabla ya kuupandisha mtini unauchonga alama yako. Usipouchonga, siku ya kurina kila atakayeufikia atasema ni wake." Yeye alikuwa akizungumzia domeini. Miezi minne baadaye nilielewa kwamba maneno yale yaliyahusu pia mafaili niliyoyaweka mimi.

## Maamuzi ya mwanzo, na sababu zake

Mifumo mitatu ya kusimamia maudhui, yote ya chanzo huria, ilikuwa mezani: WordPress, Drupal na Joomla. Drupal niliiondoa mapema. Ni imara, lakini inataka mtu anayeijua vizuri awe karibu. WordPress ingeturahisishia kupata msaada, maana mafundi wengi mjini wanaifahamu. Niliegemea Joomla kwa mambo mawili. Chama kilihitaji kurasa za Kiswahili na Kiingereza, na Joomla inaendesha lugha zaidi ya moja bila kuongezewa kitu. Tena makatibu wa vikundi walitakiwa waandike habari wakiwa vijijini, lakini habari isitoke mpaka katibu wa chama aipitie. Ngazi za mwandishi, mhariri na mchapishaji zimo ndani ya mfumo tangu siku ya kwanza.

Mwenyekiti aliposikia jina akauliza, "Hiyo Joomla ndiyo jumla yetu hii?" Nikamjibu, "Ndiyo, Mzee." Mwaka 2005, watengenezaji walipojitenga na mradi ulioitwa Mambo, walichukua neno la Kiswahili "jumla", kwa maana ya wote pamoja, wakaliandika kwa tahajia yao. Alifurahi kweli. Si sababu ya kifundi, lakini kuanzia hapo kamati ikauita mfumo ule "wetu", na kwa chama kilichowahi kupoteza tovuti jambo hilo lilikuwa na uzito.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa seva. Tulikodi seva ndogo ya mtandaoni yenye kumbukumbu ya GB 1 na Ubuntu 22.04, ambayo huja na PHP 8.1 (lugha ambayo Joomla imeandikwa) na MariaDB 10.6 (programu ya hifadhidata). Joomla 5 inataka PHP 8.1 au zaidi na MariaDB 10.4 au zaidi, kwa hiyo tulitosha bila kuongeza chochote. Tungeweza kukodi nafasi kwenye seva ya pamoja, ambako kampuni inayokodisha ndiyo inayosasisha mfumo. Tulikwenda kwenye seva yetu kwa sababu chama kilikusudia kuweka humo pia hifadhidata ya uzito wa asali ya kila mwanachama. Nitarudi kwenye uamuzi huu.

Domeini mpya ya .or.tz ilisajiliwa kwa jina la chama, kwa barua pepe ya ofisi ambayo nywila yake inajulikana na katibu na mtunza hazina. Hilo kamati ililisimamia yenyewe, na lilifanyika vizuri.

Tarehe ya kuzindua ikawekwa 20 Mei, Siku ya Nyuki Duniani.

## Usakinishaji

Siku ya kwanza mvua za mwisho za Aprili zilikuwa bado zinapiga. Nikiwa katikati ya kusakinisha vifurushi, umeme ukakatika, ruta ikazima, na muunganisho wangu na seva ukafa kazi ikiwa nusu. Niliporudi, kila amri ya apt, ile ya kusakinisha programu, ilinijibu kwamba dpkg, inayofungua vifurushi, ilikatizwa. Dawa yake ilikuwa `sudo dpkg --configure -a`, na ilitosha. Tangu hapo sikufanya kazi yoyote ndefu nje ya tmux, ambayo huendelea na kazi kule kwenye seva hata ukikatika huku kwako. Kwa umeme tulio nao, tmux naiweka kabla ya Apache, programu inayotoa kurasa za tovuti.

Cheti cha usalama kutoka Let's Encrypt kilitukwamisha kwa saa moja hivi. Anwani yenye www ilikuwa haijaelekezwa kwenye seva, nasi tukarudia ombi mara tano tukitumaini, mpaka tukagonga ukomo wa makosa kwa saa. Tulirekebisha rekodi, tukasubiri, kikatoka.

Hifadhidata ndiyo hatua inayowakwamisha wengi. Kwenye Ubuntu, root wa MariaDB, yaani mtumiaji mwenye mamlaka yote, hatambuliwi kwa nywila. Anatambuliwa kwa kuwa ni root wa mfumo wenyewe. Ukimwandika root kwenye fomu ya Joomla, jibu ni `Access denied for user 'root'@'localhost'`. Kijana msaidizi wangu alikuwa ameshapata maelezo ya kumpa root nywila ili mlango ufunguke. Nikamzuia, tukaunda mtumiaji wa tovuti peke yake:

`CREATE DATABASE asali CHARACTER SET utf8mb4;`
`CREATE USER 'asali_web'@'localhost' IDENTIFIED BY '…';`
`GRANT ALL PRIVILEGES ON asali.* TO 'asali_web'@'localhost';`

Mistari mitatu tu. Thamani yake ilionekana Agosti.

Sasa kosa langu. Nilifungua kifurushi cha Joomla ndani ya `/var/www` kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya root, kwa hiyo mafaili yote yakawa ya root. Nilikusudia kuyabadilishia mmiliki jioni, lakini nikaitwa Urambo kwa kazi nyingine, nikamwachia msaidizi amalizie. Kisakinishi kikamwambia hakiwezi kuandika `configuration.php`, faili la mipangilio ya tovuti. Akanipigia, nilikokuwa mtandao haukushika. Siku za uzinduzi zilikuwa zinahesabika, katibu alikuwa amekaa pembeni yake akisubiri kuona ukurasa wa kwanza. Akatafuta ujumbe ule mtandaoni, akakuta ushauri wa `chmod -R 777`, amri inayompa kila mtumiaji wa seva ruhusa ya kusoma, kuandika na kuendesha kila faili la tovuti, akauandika. Usakinishaji ukakamilika kwa dakika chache.

Jioni akaniambia, "Kaka, imekubali." Sikuuliza imekubali vipi.

Tovuti ilizinduliwa 20 Mei kama ilivyopangwa. Picha kutoka simu zilikuwa zinakataa kupanda, maana PHP kwa kawaida huruhusu faili la MB 2 tu. Tuliongeza kiwango, kisha tukawasha kipengele cha Joomla cha kupunguza picha zinapopakiwa, kwa sababu msomaji anayelipia bando hastahili kupakua picha ya mzinga yenye MB 6.

## Agosti

Wakati wa maonyesho ya Nane Nane, mgeni mmoja kwenye banda la chama alitafuta jina la chama kwenye Google kwa simu yake, akabonyeza tovuti, ikafunguka kampuni ya kubashiri michezo. Akamwonyesha katibu. Katibu akafungua tovuti kwenye kompyuta ya banda kwa kuandika anwani: asali, mizinga, picha za wanachama, kila kitu sawa. Akadhani simu ya mgeni ndiyo yenye tatizo. Siku ya pili wakaja wengine wawili na malalamiko hayohayo, ndipo akanipigia.

Uvamizi wa aina hii umeundwa ili mwenye tovuti asiuone. Unamgeuza tu anayekuja kwa simu akitokea kwenye injini ya utafutaji. Ili kuuona ilibidi nijifanye mgeni huyo:

`curl -I -A "Mozilla/5.0 (Linux, Android 13)" -e "https://www.google.com/" https://…`

Jibu likanielekeza kwenye tovuti ya kubashiri. Bila `-A` (inayotaja simu) na `-e` (inayotaja kwamba umetokea Google), ukurasa wetu ulirudi salama kabisa.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuorodhesha mafaili ya PHP yaliyobadilika ndani ya mwezi mmoja, kwa `find` na `-mtime -30`. Yalitoka matatu ambayo hayakupaswa kuguswa na mtu. Moja lilikuwa `index.php` la templeti, yaani mwonekano wa tovuti, lenye mstari mrefu wa herufi zilizovurugwa mwanzoni kabisa. Mawili yalikuwa ndani ya `images`, folda ya picha, ambako PHP haina kazi yoyote. Kumbukumbu za Apache zilionyesha kwamba mtu alianza kutuma maombi kwenye moja ya mafaili hayo siku 19 kabla, na kabla ya hapo aligonga faili lililomo ndani ya kiendelezi, yaani programu ya nyongeza, cha matunzio ya picha.

Kiendelezi hicho hatukukiweka sisi mafundi. Juni, mhariri mmoja wa chama alikitaka kwa picha za mafunzo ya urinaji, akakuta kinauzwa, akatafuta mahali kinapotolewa bure, akakipakia kupitia paneli. Msimbo wa viendelezi vingi vya Joomla uko chini ya leseni ya GPL inayoruhusu kugawa, kwa hiyo hakuiba. Ila nakala ile ilipitia mikononi mwa mtu tusiyemjua, naye aliongeza faili lake.

## Maamuzi wakati wa tukio

Njia zilikuwa mbili: kufuta mafaili matatu na kuendelea, au kujenga upya. Maonyesho yalikuwa bado hayajaisha, na kamati ilitaka tovuti irudi saa ileile. Nilimwomba Mwenyekiti usiku mmoja na nusu siku. Nilimweleza kwamba aliyeingia amekuwa ndani siku 19, kwamba `chmod 777` ilimpa uwezo wa kuandika popote ndani ya tovuti, na kwamba mimi naweza kuona alichobadilisha lakini siwezi kuapa kwamba nimeona chote. Nilimwambia pia kwamba 777 ilitoka upande wetu. Alinyamaza kidogo kisha akasema, "Fanya kama unavyojua. Watu watapewa vipeperushi." Ile subira yake ndiyo iliyookoa kazi.

Tuliweka ukurasa mmoja wa maelezo ya muda, tukakodi seva mpya, tukapakua Joomla upya kutoka kwenye tovuti rasmi.

Nakala rudufu hazikutufaa kama nilivyotarajia. Zilikuwa zinatengenezwa kila usiku na kutunzwa siku saba, juu ya diski ileile ya seva. Uvamizi ulikuwa na siku 19. Nakala zote saba za mafaili zilikuwa na ugonjwa.

Kilichotuokoa ni kwamba maandishi hukaa kwenye hifadhidata, na hifadhidata inaweza kusomwa na kusafishwa. Tulitoa nakala ya sasa, tukapitia jedwali la watumiaji, tukakuta msimamizi mkuu mmoja mwenye barua pepe isiyo ya mtu yeyote chamani. Tukamfuta. Makala tukazisoma moja moja. Zilikuwa 40 na ushee, kazi ya saa mbili kwa watu wawili. Picha tulihamisha zile tu ambazo amri ya `file` ilithibitisha kuwa ni picha kweli, bila kuamini mwisho wa jina. Templeti na viendelezi havikuhamishwa hata kimoja. Vilisakinishwa upya kutoka kwa watengenezaji wenyewe. Nywila zote zikabadilishwa, pamoja na ya hifadhidata na ile siri iliyomo ndani ya `configuration.php`, na wasimamizi wote wakawashiwa uthibitisho wa hatua mbili.

Hifadhidata ya uzito wa asali ilikuwa imeshaanza kutumika tangu Julai kwenye seva ileile. Mvamizi alikuwa na nywila ya `asali_web`, kwa kuwa imeandikwa ndani ya `configuration.php`, lakini mtumiaji huyo hakuwa na ruhusa nje ya hifadhidata ya tovuti. Programu ya uzito ilikuwa na mtumiaji wake na faili la siri ambalo Apache haikuweza kulisoma. Tulilinganisha kumbukumbu na daftari la ghala, kilo kwa kilo, na hakuna kilichoguswa. Kama Aprili tungemwandika root kwenye fomu, malipo ya wanachama wote yangekuwa mkononi mwa mtu mwingine.

## Uchambuzi

Watu husema seva iliingiliwa kwa sababu ya 777. Si sahihi kabisa, na kulisema hivyo humfundisha mtu vibaya. Mlango ulikuwa kiendelezi. Mchango wa 777, na wa kutokuwa na mpango wa umiliki wa mafaili, ni kwamba aliyepita kwenye mlango huo alikuta kila chumba kiko wazi. Swali la Linux kwa kila faili ni rahisi: wewe ni wa nani? Sisi hatukuwa na jibu. Kwanza tulisema ni ya root, halafu tukasema ni ya yeyote.

Kwenye seva mpya tulilijibu swali hilo mwanzoni. Mafaili yote ni ya mtumiaji mmoja wa kawaida, tuliyempa jina `nyuki`, na kundi lake ni `www-data`, ambalo ndilo la Apache. Folda ni 750, mafaili 640. Apache inasoma na haiandiki, isipokuwa kwenye `images`, `tmp`, `cache`, `administrator/cache` na `administrator/logs`. Ndani ya `images`, mipangilio ya Apache inakataa kutoa faili lolote la PHP, na tumezima `.htaccess`, faili la mipangilio ya folda, humo, maana mvamizi angeweza kuweka ya kwake ikabatilisha katazo.

Mpango huu una gharama. Kitufe cha kusasisha kwenye paneli hakifanyi kazi tena, kwa sababu Apache haina ruhusa ya kuandika. Kusasisha kunafanywa na `nyuki` kwa `php cli/joomla.php core:update`, na viendelezi vinawekwa kwa njia hiyohiyo. Wapo mafundi watakaoona ni usumbufu, na kwa chama kisicho na fundi wa kudumu hoja yao ni nzito: tovuti isiyosasishwa ni hatari kuliko ruhusa zilizolegea. Kwetu nilipima nikaona faida inazidi. Mhariri akitaka kiendelezi sasa analazimika kumwomba mtu, na katika maombi hayo kuna mazungumzo ambayo Juni hayakuwepo. Msaidizi wangu anaingia kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, na katibu anaweka alama kwenye kalenda ya ofisi.

Kuhusu msaidizi: sikumlaumu na simlaumu. Aliona ujumbe, hakuwa na mtu wa kumuuliza, akafuata ushauri ulioandikwa kwa kujiamini na watu wengi. Mimi niliyejua nilikuwa nimemwachia kazi nusu bila kumwambia kwamba mafaili bado ni ya root. Amri moja ya `chown`, ya kubadili mmiliki wa mafaili, iliyochelewa jioni moja, ndiyo mwanzo wa yote. Na aliposema imekubali, wajibu wangu ulikuwa kuuliza imekubali kwa amri gani.

Nakala rudufu zilishindwa mahali pawili: muda mfupi na diski moja. Sasa kompyuta ya ofisi ndiyo inayovuta nakala kutoka kwenye seva kila Ijumaa. Seva haina ufunguo wa kuifikia kompyuta hiyo, kwa hiyo atakayeivamia hawezi kufuta nakala. Tunatunza moja ya kila mwezi kwa mwaka mzima. Mwishoni mwa Septemba tulijaribu kuirudisha tovuti yote kwenye kompyuta mpakato ya ziada. Mara ya kwanza ilikataa, kwa sababu tulisahau kunakili mipangilio ya Apache. Ya pili ilifunguka.

Na ule uamuzi wa kukodi seva yetu wenyewe? Kama si hifadhidata ya uzito, ningesema tulikosea. Tovuti ya habari na picha ingetosha kabisa kwenye nafasi ya pamoja, na chama kingelala bila kuwaza sasisho. Fundi anayependa seva, kama mimi, ana hatari ya kumpa mteja kile anachopenda yeye kukitunza. Kabla ya kumkodia mtu seva, sasa namuuliza nani ataingia humo Jumatatu ya kwanza ya mwezi, na nataka kusikia jina.

## Hali ilivyo sasa

Katika sanduku la fedha la chama kuna daftari lenye jina la msajili wa domeini, tarehe ya kulipia, jina la kampuni ya seva, na watu wawili wenye funguo za kuingilia. Mwenyekiti ndiye aliyetaka liwe la karatasi. Kwenye jalada alichora kwa kalamu alama anayoichonga kwenye mizinga yake.

Domeini ya zamani haijarudi. Lebo zenye anwani ile bado zinaonekana kwenye maduka machache ya mjini, na kila kikundi kinapoleta asali, katibu anawakumbusha kuzibandua.